Njiti Kwenye Mafuta ya Bi Ozella

Bi Ozella Threadgill alipoambiwa achemshe chai na kuchoma slesi mbili za mkate ili ijulikane kama bado anaweza kuishi peke yake, alimtazama binti aliyemwambia hivyo kuanzia viatu hadi nywele, akamuuliza:

"Umekula?"

"Samahani?"

"Nimekuuliza, umekula? Maana umekaa kama ufagio uliosahauliwa nje."

Binti alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyefundishwa chuoni kwamba wazee wachekewe. Aliitwa Kelsey. Alikuwa na miaka ishirini na sita, shahada mbili, ubao wa kubania fomu, na saa ya kuhesabia dakika iliyoning'inia shingoni kama ya refa. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwenye nyumba za watu waliotoka hospitali na kuwapima kama wanajimudu: kuoga, kuvaa, kupika. Alikuwa amehamia Mound Fork, Mississippi, miezi minne tu iliyopita, akitokea Minnesota kule kaskazini, ambako inasemekana watu huloweka samaki kwenye maji ya magadi mpaka ageuke ute, halafu wakamla kwa hiari yao wenyewe.

"Ni chai na mkate tu, Bi Ozella. Ndivyo fomu inavyotaka. Dakika kumi tumemaliza."

"Leo siku gani?"

Kelsey akashtuka, akatupia macho fomu yake, maana swali la leo siku gani lilikuwa la kwake yeye, ukurasa wa kwanza, namba mbili. "Ijumaa."

"Basi umeshajijibu. Ijumaa nyumba hii haichomi mkate. Ijumaa inakaanga samaki."

Mezani, nyuma ya kikombe cha kahawa iliyopoa, mwanawe Dorsey alishusha pumzi ndefu kama tairi. Dorsey alikuwa na miaka hamsini na moja, meneja wa duka la samani huko Memphis, mwendo wa saa mbili kwa gari. Alikuwa amevaa shati la kazini, lile lenye jina lake kifuani, kana kwamba mama yake angeweza kulisahau.

"Mama, fanya anachokuambia. Mara moja tu katika maisha yako."

"Nilishafanya. Mwaka ule daktari aliniambia sukuma, nikasukuma. Ona nilichopata."

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi Machi Bi Ozella aliteleza kwenye ngazi za nyuma akitoka kumwaga maji, akavunjika nyonga. Wakamtia nyonga mpya ya chuma. Dorsey alikaa kando ya kitanda siku nne, na siku ya tano akaleta habari ya kuhamia Memphis. Mama akasema hapana. Mwana akasema ndiyo. Mchungaji, aliyekuja kuombea mfupa, akajikuta anaamua kesi. Wakakubaliana mbele yake: atakuja mtu wa kupima. Akisema mama anajimudu, Dorsey atafunga domo lake. Akisema hajimudu, Bi Ozella atafunga virago.

Na Bi Ozella neno lake lilikuwa halirudi nyuma hata likimwumiza mwenyewe. Aliwahi kusema hatazungumza na shemeji yake mpaka kufa, na shemeji akafa.

Memphis kulikuwa na chumba kinachomsubiri. Kilikuwa na zulia jeupe na dirisha linalotazama gereji ya jirani. Kulikuwa na jiko la kioo pia, ambalo mkwe wake alishatangaza sheria zake kwa simu, kwa sauti ya upole kabisa: chuma kizito hakiwekwi juu yake kwa sababu kitalipasua, na kukaanga kwa mafuta mengi hakuna, kwa sababu ya mapazia. Bi Ozella alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akakata simu, kisha akamuuliza ukuta: "Mapazia?"

Kwa hiyo asubuhi ile haikupimwa chai wala mkate. Alipimwa yeye, kama atafia kwenye harufu ya jiko lake au kwenye harufu ya zulia la watu.

"Niandike kwamba umekataa zoezi?" Kelsey aliuliza.

"Andika kwamba nimelizidisha. Umetaka kuona kama naweza kuwasha jiko bila kujiunguza? Utaona. Kaa hapo. Siyo hapo, hapo ni pa unga. Pale."

Akaiegesha fremu yake ya kutembelea kando ya friji, akaingia kazini kwa kushika meza, halafu mgongo wa kiti, halafu kabati, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe anayoyajua.

"Hutumii fremu?"

"Jikoni inanikwaza. Andika."

Kelsey akaandika.

Kambare walikuwa kwenye friji tangu jana, vipande vyenye mfupa, vimefutwa maji na kufunikwa kwa kitambaa. Bi Ozella hakuwa mtu wa minofu laini. Kambare alikuwa amemjua ndani na nje. Alifanya kazi miaka ishirini na mitatu kwenye kiwanda cha samaki kilichokuwa kando ya barabara kuu, ambacho sasa ni ghala la matairi. Alianzia kwenye kukata vichwa, akapandishwa kwenye kuchuna minofu, na huko ndiko alikozeekea, amesimama ndani ya maji baridi kwa buti za mpira, kisu mkononi, samaki hawaishi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimekaa kama koleo hata akiwa usingizini.

Kiwandani hapo kulikuwa na msimamizi aliyeandika kwenye daftari dakika ambazo wanawake walitumia chooni. Siku moja Bi Ozella alirudi akakuta jina lake: dakika saba. Akamchomoa msimamizi kalamu mkononi, akaongeza chini yake kwa mwandiko mzuri wa shule ya Jumapili: "Na saa nane nitakwenda tena." Saa nane akaenda tena. Hakuwa na haja yoyote. Alikaa tu. Wiki iliyofuata wanawake kumi na mmoja walifanya vilevile, na daftari lile likafa kifo cha kawaida.

Alipostaafu watu walidhani hatataka kumwona kambare machoni pake tena. Hawakumjua. Alisema kambare wa Jumatatu mpaka Alhamisi walikuwa wa mwenye kiwanda. Huyu wa Ijumaa ni wake.

Akatoa chupa ya haradali ya manjano, akamimina kiganjani, akaanza kuwapaka wale samaki wabichi mmoja mmoja, pande zote mbili, kama anapaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

Kelsey akasimamisha kalamu. "Hiyo ni… haradali?"

"Macho yako mazima."

"Unapaka haradali kwenye samaki mbichi."

"Ukimpaka aliyeiva ni kuchelewa."

Kelsey akamgeukia Dorsey taratibu, kwa jicho la kuuliza. Dorsey alikuwa anachunguza kahawa yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa chini. Sasa, hakuna mtoto aliyekulia Mound Fork asiyejua kazi ya haradali. Inashika unga, halafu inapotea kwenye moto, wala ulimi hauioni. Dorsey alikula samaki wa haradali kabla hajaota meno ya kutafunia. Lakini alinyamaza. Kelsey akaandika sentensi nzima.

Bi Ozella aliona. Akachukua mfuko wa karatasi wa dukani, akatia unga wa mahindi, chumvi, pilipili manga, pilipili kali, kitunguu saumu cha unga, akakunja mdomo wake na kuutikisa. Kisha akatumbukiza samaki wawili wawili na kutikisa tena, safari hii kwa kiuno, nyonga ya chuma na yote.

"Pole pole, Mama."

"Nyamaza, nahesabu."

Walipotoka mfukoni walikuwa wamevaa koti la manjano lisilo na kiraka. Akawapanga juu ya waya wa kupozea keki. "Sasa tunawaacha wakae. Dakika kumi. Ukiwatia mafutani sasa hivi, koti linawavuka, unabaki na samaki uchi na mafuta machafu."

"Unaongea nao?" Kelsey aliuliza, maana Bi Ozella alikuwa amewainamia.

"Naongea na wewe. Wao wananielewa."

Kikaango kilikuwa cha chuma, kizito, cheusi kama dhamiri ya diwani. Mafuta ya kukaangia samaki yalikaa kwenye kopo lake peke yake, hayakuchanganywa na ya kuku wala ya kitu kingine, yamechujwa kwa kitambaa. Akamimina mpaka nusu ya kina, akawasha jiko. Akatoa kwenye droo kiberiti cha njiti ndefu, zile za kichwa chekundu. Akachomoa njiti moja. Hakuiwasha. Akaitupa ndani ya mafuta.

Ikaelea.

Kalamu ya Kelsey ikakimbia karatasini kama panya. Hata karatasi ikiwa imegeuka juu chini, Bi Ozella aliweza kuyasoma maneno, kwa sababu binti aliandika herufi kubwa: ANATUPA KIBERITI NDANI YA MAFUTA YA MOTO. Chini yake, kwa herufi ndogo za huruma: amechanganyikiwa?

"Bwana Threadgill," Kelsey alisema, sauti ameishusha kama mtu aliye msibani. "Hii umewahi kuiona kabla?"

Mafuta yalikuwa yanaanza kunong'ona.

Dorsey alimtazama mama yake. Mama yake alimtazama yeye. Kulikuwa na muda wa kutosha kabisa. Mtu angeweza kusema ukweli huo mara tatu na kubaki na nafasi ya kukohoa.

"Hapana," Dorsey akasema. "Sijawahi. Itakuwa… mambo ya karibuni."

Bi Ozella hakupiga kelele. Aliwahi kupigiwa kelele na watu waliolipwa kwa kazi hiyo, na yeye akajifunza kwamba anayepaza sauti kwanza ndiye anayeandikwa. Alishika tu ukingo wa kabati, akajisogeza mpaka mbele ya jiko, akasimama pale. Mwanawe wa pekee wa kiume. Mwenye jina kifuani.

Hapo njiti ikawaka.

Iliwaka kama inavyopaswa kuwaka, pfu!, ulimi mdogo wa moto juu ya mafuta, nukta moja, kisha ikazimika yenyewe na kubaki kijiti cheusi. Lakini nukta hiyo moja ilimtosha Kelsey. Aliruka, akanyakua kikombe cha maji kilichokuwa kando ya sinki, akainua mkono.

"Usimwage!" Dorsey alipiga ukelele.

Mkono haukufika. Ulikuwa umekamatwa hewani, kifundo chote, na kiganja kilichochuna kambare miaka ishirini na mitatu. Kikombe kilitikisika. Hakikudondosha tone.

"Binti yangu," Bi Ozella alisema polepole, "ukimwaga maji hayo hapa, tutaruka sote watatu mpaka kwa mchungaji, na hatutaingia kwa mlango. Weka chini."

Kelsey akaweka chini. Alikuwa mweupe tangu azaliwe, lakini sasa alizidi.

"Kuna swali kwenye fomu yako kuhusu moto?"

"Lipo," Kelsey alisema, sauti nyembamba. "Mafuta yakishika moto utafanya nini."

"Sikiliza jibu langu. Kwanza nitamkamata mkono mtu wa Minnesota. Pili, mfuniko ule pale, nafunika, nazima jiko, naondoka zangu. Maji hayahusiki. Umeandika?"

"Lakini kwa nini ulitupa…"

"Sikwambii."

"Mama," Dorsey alisema.

"Na wewe sikwambii. Nikisema mimi, nitakuwa bibi aliyechanganyikiwa anayejitetea. Ninajua namna hizi karatasi zinavyosikiliza." Akalisukuma dirisha la juu ya sinki, lile linalotazama uani, akatoa kichwa. "Lugenia! We Lugenia!"

Ng'ambo ya ua, Bi Lugenia, jirani yake kwa miaka arobaini, alikuwa anaanika mashuka na vibanio vitatu mdomoni. Alivitema. "Nini tena?"

"Nina mgeni hapa ana swali. Mafuta yako ya samaki, unajuaje kama yamepata moto?"

Bi Lugenia alishika kiuno kwa mikono miwili. "Ozella, umenitoa kwenye mashuka yangu kuniuliza hilo? Si unatupa njiti! Njiti ikiwaka, mafuta tayari! Kwani walikutoa nyonga au ubongo?"

"Asante, shoga."

"Yaani mwanamke mzima! Hata huyo Dorsey wako anajua! Si ndiye aliyekuwa anang'ang'ania kutupa njiti, mpaka siku ile dada yake akamwahi kuitupa, akajigaragaza hapo uani akilia na kaptula yake ya Pasaka! Mpe salamu zangu! Na vipande vyangu ni viwili, siyo kimoja kama wiki iliyopita!"

Shuka likapigwa kofi na upepo, na Bi Lugenia akaendelea na maisha yake.

Bi Ozella alifunga dirisha. Alichukua kijiko chenye matundu, akatoa ile njiti nyeusi, akaiweka kwenye kisosi, akakisukuma kisosi kwenye meza mpaka kikasimama mbele ya mwanawe. Masikio ya Dorsey yalikuwa yanawaka. Kelsey alimtazama yeye, akatazama njiti, akatazama alichoandika.

"Bwana Threadgill, ulisema hujawahi kuona."

Dorsey alikuwa mwuza samani. Angeweza kukuuzia kochi lenye mguu mmoja na ukatoka unashukuru. Safari hii aliinamisha kichwa juu ya kisosi.

"Mwache," Bi Ozella alisema. "Mafuta hayangoji aibu ya mtu."

Akashusha samaki wa kwanza, akimwachia upande wa mbali naye ili mafuta yakiruka yaruke ukutani. Wa pili. Wa tatu. Wa nne alikuwepo, na nafasi ilikuwepo, lakini alimwacha. "Ukiwajaza mafuta yanapoa, wanachemka badala ya kukaangika. Samaki aliyechemka kwenye mafuta ni dhambi mbili kwa pamoja." Sauti ikajaa jikoni, ile ya mvua kubwa juu ya bati. Hakuwagusa. Kelsey alipata hamu ya kuwagusa, ikaonekana usoni.

"Ukimgeuza mapema, koti linabaki chini. Subiri mpaka ukingo uwe wa kahawia. Mgeuze mara moja tu, halafu mwache. Na usikilize. Hiyo mvua ikipungua ikawa manyunyu, maji yamekwisha ndani yake. Akielea, mtoe. Umewahi kupima hilo kwa saa yako hiyo?"

"Hapana, mama."

Lilikuwa "mama" la kwanza kutoka kwake asubuhi ile. Bi Ozella hakulipuuza wala hakulipokea kwa mbwembwe.

Mvua ikawa manyunyu. Akawatoa, akawapanga juu ya waya, siyo juu ya karatasi, kwa sababu samaki anayelazwa kwenye karatasi hutoka jasho chini na kulegea kama mahubiri ya mgeni. Akanyunyizia chumvi wakiwa bado wanalia. Akakata kipande kidogo kwa kisu, na kile kisu kilisikika mpaka sebuleni. Akampa Kelsey kwenye slesi ya mkate mweupe, na pilipili ya chupa juu yake.

Kelsey alikula. Kwa muda hakuwa na shahada hata moja.

"Haradali iko wapi?" aliuliza, mdomo umejaa.

"Itafute. Ukiipata niambie, mimi nimeitafuta miaka sitini."

Walipofika kwenye fomu tena, ilikuwa kazi. Karatasi ilijazwa kwa wino na haikuruhusu kufuta. Kelsey alikata mstari juu ya ile sentensi ya haradali na ile ya kiberiti, akaandika tarehe na herufi za jina lake kando, kama sheria yao inavyotaka. Alijaza: nguvu za mkono, nzuri. Alisita, akaongeza: sana. Usalama wa moto: anajua kuliko mpimaji. Hilo la mwisho aliliandika mwenyewe bila kuambiwa, na masikio yake nayo yakapata moto kidogo.

Kisha akakwama.

"Kuna kisanduku hiki," alisema. "'Anafuata maelekezo.' Nilisema chai na mkate. Siwezi kukuwekea ndiyo, Bi Ozella. Nitakuwa nadanganya."

"Usiniwekee. Sijakuomba."

"Lakini hiki kina uzito. Wakiona hapana hapa, mkuu wangu ataandika kwamba hufai kukaa peke yako. Wanahesabu kama hukuelewa."

Dorsey aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Bi Ozella alimwona akikiinua. Hapo ndipo moyo wake ulipopiga hasa; hata kwenye njiti haukupiga hivi. Kisanduku kidogo kama punje ya mahindi, na ndani yake zulia jeupe, na gereji ya jirani, na neno lake alilolitoa mbele ya mchungaji, ambalo hangelirudisha. Angeweza kuomba. Birika lilikuwa palepale. Chai ni dakika kumi, na hakuna mtu ambaye angemcheka.

Alilitazama birika. Aliliacha lilivyo.

"Nilielewa?" aliuliza.

"Nini?"

"Uliponiambia chai na mkate. Nilielewa au sikuelewa?"

"Ulielewa."

"Halafu?"

"Ukakataa."

"Basi hayo ni mambo mawili, binti yangu, na moja si mtoto wa jingine. Kiwandani walituandika kwamba hatuelewi miaka yote ile, kumbe tulikuwa tunakataa. Karatasi yako haina nafasi ya kukataa?"

Kelsey aligeuza fomu. Nyuma kulikuwa na mistari minne mitupu, na juu yake: maelezo ya ziada. Aliandika akisema kwa sauti, neno baada ya neno, kama anapimwa yeye.

"Alielewa maelekezo yote. Aliyakataa. Akafanya zoezi gumu zaidi, kwa usalama. Anajimudu." Akanyanyua macho. "Nitaomba ngazi za nyuma zitiwe mshikio. Na uweke kigoda kirefu hapa jikoni, ukae mafuta yanapopata moto."

"Mshikio, sawa. Kigoda tutaona."

"Bi Ozella."

"Nimesema tutaona. Andika tutaona."

Bi Ozella akatia sahihi kwa mwandiko wake wa shule ya Jumapili. Kelsey aliondoka na vipande vitatu kwenye karatasi ya foili, na aliporudisha gari nyuma alikaribia kugonga sanduku la barua, kwa sababu alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine. Bi Lugenia alipitishiwa vyake viwili dirishani, akavihesabu.

Mama na mwana wakabaki na sahani.

Bi Ozella alimwekea Dorsey chai na slesi mbili za mkate wa kuchoma. Hakutabasamu. "Dakika kumi," alisema.

Dorsey alikula slesi ya kwanza yote, kavu kavu, bila kulalamika. Ya pili ilimshinda katikati.

"Nilikuwa naendesha kwenye mvua, Mama," alisema mwishowe, akiitazama sahani. "Siku Bi Lugenia aliponipigia kwamba umeanguka. Saa mbili barabarani sijui kama nitakukuta. Na kila simu yake ikilia mpaka leo, natafuta funguo za gari kabla sijapokea. Hata akinipigia kuniuliza bei ya magodoro."

"Najua."

"Hujui."

"Nilikuona hospitali ukidhani nimelala. Najua." Alikuwa anatia samaki wa awamu ya pili mafutani, amempa mgongo. "Ungekuja ukasema, Mama naogopa. Wewe umekuja ukasema, Mama amechanganyikiwa."

"Ningesema naogopa, ungekubali kuja Memphis?"

"Ningekataa."

"Sasa kuna tofauti gani?"

"Tofauti ni kwamba ningemkatalia mwanangu. Leo nimemkatalia mwongo, na mwongo nimemwonea aibu mbele ya Lugenia, na Lugenia ana mdomo. Ikifika Jumapili kanisa zima litakuwa na njiti mfukoni wakikusubiri."

Dorsey alicheka bila kutaka, akajifuta uso kwa kiganja, na kujifuta kule kulichukua muda kuliko kicheko. "Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Siyo leo. Leo bado nafurahia."

"Na ukianguka tena?"

Bi Ozella aligeuza samaki mmoja, mara moja tu, akasikiliza mvua yake.

"Nitanyanyuka. Nikishindwa, nitaita. Nisipoitikiwa nitalala chini hapohapo, kwenye sakafu yangu, nikitazama dari yangu. Wewe na mkeo msiniombee nisianguke. Niombeeni iwe Ijumaa jioni, niwe nimeshakula."

Hakumpa samaki. Dorsey alikaa mpaka saa tisa, harufu ikimpiga viboko, akaenda kupima ngazi za nyuma kwa futi ya kamba, akarudi kusema atakuja Jumamosi ijayo na mbao. Aliambiwa aje. Alipombusu mama yake shavuni, alivuta pumzi ndefu pale kwenye nywele zake, mahali moshi unapokaa, kisha akaingia garini na shati lake lenye jina.

Nyumba ilipotulia, Bi Ozella alichukua kipande cha mkia alichojiwekea mwenyewe, kile kinachokauka mpaka mfupa unaliwa. Nyonga ilikuwa inamwuma kwelikweli, toka kiunoni mpaka gotini, kiasi kwamba kukaa chini na kuinuka tena kungekuwa safari. Hakuna aliyekuwepo wa kuona na kuandika. Akaegemea jiko lake, akala amesimama, bila haraka, akitafuna kwa sauti kubwa kama mtu asiye na jirani.